Glasi Yenye Nyekundu Chini

Kasese, kota za wafanyakazi
Jumapili, 4 Februari 2024

Kwako Shangazi Akidi,

Nakusalimu wewe na Mzee Tefiro, na mguu wake nao nausalimu kama bado haujapona. Sisi tupo. Mama amepata kibarua cha kupanda mpunga kule Mubuku, anatoka asubuhi na kurudi na matope mpaka magotini. Mdogo wangu Nuwasiima ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akitaja jina lake anapiga mluzi bila kutaka. Kesho tunafungua shule, naingia kidato cha tatu. Baba anakunywa dawa zake. Anakohoa asubuhi kuliko jioni. Anakusalimu. Hajasema, lakini najua angesema.

Naandika kwa sababu simu ni ya Mama, na najua wewe na Mama hamsemezani tangu Mwaka Mpya. Barua hii ataileta Siraj, yule wa lori la vitunguu.

Shida yenyewe ni ndogo. Ni glasi za kunywea. Tangu Krismasi hadi leo zimevunjika nne. Mama alinituma dukani kwa Ziyad hapa sokoni nitafute nyingine. Unanijua nilivyo, nikiingia dukani nasimama tu mpaka niulizwe, nisipoulizwa natoka. Ziyad aliniacha nisimame, kisha akasema, "Binti, unanunua au umekuja kukwepa jua?" Watu wakacheka, nikanyoosha kidole kwenye zile zilizokuwa karibu, zenye maua ya njano. Moja ilipasuka siku ile ile Mama alipoimwagia maji yanayochemka, kwa sababu siku hizi baada ya chai huimwagia maji ya moto. Nikarudi nikachukua zenye mkono. Nazo zimekwenda.

Wewe unauza vyombo, nataka nikuulize: ipo glasi isiyovunjika? Mama anataka sita za namna moja. Si za wageni, ni za kila siku, za chai na za maji. Plastiki Baba hataki hata kuiona, anasema ndiyo aliyopewa wodini.

Na kama utapata nafasi, njoo utuone.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Musimenta

*

Bwera
20 Februari 2024

Musimenta, mutoto ya kaka yangu,

Barua yako Siraj aliweka katikati ya magunia, nikasoma na machozi inatoka. Usifikiri ni mapenzi, ni kitunguu. Kiswahili yangu ni ya soko, nusu Congo nusu huku, wewe uko wa shule, basi usicheke.

Huku tuko. Mzee Tefiro anatembea na fimbo. Kanisani mguu inafika, shambani inakataa, mimi namwangalia tu. Batu ya ng'ambo wanavuka kidogo sababu ya vita yao, na wenye wanavuka wananunua sufuria, hawanunui vere. Mjukuu yangu iko hapa na mimi, mwaka moja na nusu, ameanza kujishika kwa meza.

Sasa vere. Sisi tunasema vere, wewe unasema glasi, mwalimu yako atasema bilauri, yote inavunjika. Lakini iko yenye inachelewa. Usiangalie maua, maua ni ya kuficha. Beba mukononi kwanza: chini iwe zito kuliko juu. Piga na ukucha. Yenye inaimba murefu iko nyembamba. Yenye inasema to, halafu inanyamaza, hiyo iko na nguvu. Pitisha kidole kwa mdomo yake, mahali inauma ndipo itaanzia kupasuka. Halafu inua kwa jua. Ukiona povu ndani, rudisha. Na maji ya moto usimwage kwa vere baridi hivi hivi, tia kijiko ndani, moto ishike kijiko kwanza.

Huyo Ziyad wenu asikutishe. Muuzaji anayecheka muteja anataka muteja asiangalie mali.

Lakini iko kitu sielewi. Vere nne kwa muda kama huo ni nyingi, na nyumba yenu haina mulevi. Vere inavunjika kwa njia tatu: kwa moto, kwa kuanguka, kwa mukono ya mutu. Ya moto inakatika chini, muzunguko, kama imekatwa na wembe. Ya kuanguka inatawanyika. Niambie vipande zenu zilikuwa namna gani. Na niambie ni ya nani inavunjika. Kaka yangu bado anakunywa kwa ile yenye nyekundu?

Kuja sitaweza sasa. Soko ni Jumanne na Ijumaa, na siku zenye zinabaki ni za mjukuu.

Shangazi yako,
Akidi

*

Kasese
Jumapili, 10 Machi 2024

Shangazi Akidi,

Pokea salamu zetu, na huyo mjukuu anayejishika kwa meza mwambie asiharakishe. Tupo kama ulivyotuacha, isipokuwa Mama ameumia kidole kwa mundu, kimefungwa kitambaa. Vumbi la kiwanda cha hapa jirani limezidi mwezi huu, tunafunga madirisha mchana kutwa. Shuleni nimepata namba tatu kwa Kiingereza na namba moja kwa Kiswahili, na mwalimu aliponitaka nisome insha yangu mbele ya darasa nilisema naumwa koo.

Umeuliza vipande. Ile ya maua ya njano ilikatika chini, mviringo, kama ulivyosema. Hiyo ni ya moto. Tatu nyingine zilitawanyika.

Umeuliza ni ya nani. Zote zilikuwa zile zenye nyekundu.

Uliiona Mwaka Mpya, lakini labda hukuielewa vizuri. Mama huchukua rangi yake ya kucha akatia tone moja chini ya glasi, ukubwa wa punje ya maharagwe, ili glasi ya Baba isichanganyike na zetu. Ikivunjika anatia kwenye nyingine. Baba hanywi nasi tena. Anakaa nyuma ya nyumba, juu ya jerikeni, karibu na jiko la mkaa, sisi tukiwa ndani. Mimi ndiye ninayempelekea. Naiweka kwenye ngazi, halafu ananiambia asante, kama mtu wa mbali.

Sasa nitakuambia nilichokiona, na Mama hajui. Jumamosi moja nilikuwa naanika nguo, na shuka lilikuwa kati yetu, hakuniona. Aliimaliza chai. Akaiweka glasi ukingoni kabisa mwa ngazi, akaitazama. Halafu akaisukuma kwa kiwiko, polepole, kama mtu anayejaribu mlango asioujua kama umefungwa. Ilipovunjika akasema, "Imeanguka." Alisema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jioni ile Mama alichelewa Mubuku, na rangi ya kucha huifungia ndani ya sanduku lake. Kwa hiyo Baba alipata glasi isiyo na kitu chini. Akaja akakaa nasi kwenye mkeka. Aliishika kwa mikono miwili. Alitusimulia kuhusu mgodini alikofanya kazi zamani, walivyokuwa wanaume tisa wakinywa maji kwenye kopo moja, na hakuna aliyekuwa akijua kopo ni la nani. Nuwasiima akalala kwenye goti lake. Kesho yake Mama akatia nyekundu.

Mama anadhani mikono yake imekosa nguvu, ndiyo maana anataka glasi ngumu. Mimi nami nimekuandikia kuomba ngumu. Kwa nini niliomba hali nimeona, hilo sijui kukueleza.

Mama anasema kutenga vyombo ni amri ya daktari. Ndivyo inavyosemwa hapa nyumbani.

Baba aliuliza jana kama Akidi amesahau njia ya Kasese.

Musimenta

*

Bwera
28 Aprili 2024

Musimenta,

Nimekawia. Mvua ilikula barabara, Siraj amelala ng'ambo ya mto siku nne na vitunguu ikaota majani ndani ya lori. Sisi wazima. Mzee Tefiro alianguka lakini alianguka kwa nyasi. Mjukuu anatembea sasa, anabomoa kila kitu, nimepandisha mali yote kwa rafu ya juu.

Hii karatoni Siraj ataweka kwa mukono yako, si ya mutu mwingine. Iko vere sita, namna moja. Kila moja nimejaza maharagwe ndani, na katikati yake maharagwe tena, hivyo ndivyo tunasafirisha, maharagwe inashika kuliko karatasi. Mupike hiyo maharagwe, ni ya huku Nyakiyumbu, inaiva upesi. Nimechagua kwa mabokisi tatu. Nilipiga na ukucha mpaka ukucha ikauma. Moja nimeangusha kwa saruji ya mulango mbele ya muuzaji mwenyewe, ikaruka, ikakaa. Ni aina ya mahoteli. Iko na adui moja tu, mukwaruzo. Usisugue na mchanga, usikwangue na kisu wala wembe. Ikipata kidonda inanyamaza, halafu siku moja inapasuka yenyewe mezani, hakuna mutu ameigusa.

Sasa nisikilize. Umeniuliza mara moja nije, na kaka yangu ameuliza, na mimi nazungumza soko na mjukuu.

Mwaka Mpya nilichukua vere ya kaka yangu nisuuze. Toka tukiwa watoto kule kwetu Kitgum mimi ndiye nasuuza chombo yake. Mama yako akanipokonya mbele ya batu, akasema, "Hiyo ni ya mgonjwa, daktari amekataza." Nikachukua mufuko yangu nikaondoka. Batu wanafikiri ni hasira. Mama yako anafikiri ni hasira. Hata Tefiro nimemwambia ni hasira. Musimenta, nilipopokonywa nilishukuru. Kufika Bwera nimeosha mikono mara tano na sabuni ya nguo, kabla ya kushika mutoto. Hasira ilinifaa, nikaivaa. Kuogopa ndiko kunanikalisha huku.

Na sasa iko kitu ingine. Muuguzi moja wa hapa ni muteja yangu. Nilimuuliza juu ya hii ugonjwa ya kifua. Alishangaa. Alisema inapita kwa hewa, kwa kukohoa ndani ya nyumba yenye imefungwa. Si kwa vere. Alisema mutu akianza dawa na kukunywa vizuri, wiki chache tu hata hewa yake haina tena ubaya ile. Alisema hakuna daktari atatuma mutu kutenga kikombe.

Basi daktari ya kwenu alisema nini? Kaka yangu hajui Kiingereza. Mama yako hajui. Wewe ndiye ulikuwa kati yao. Niandikie kama alivyosema, neno kwa neno.

Akidi

*

Kasese
Jumapili, 2 Juni 2024

Shangazi,

Tunakushukuru kwa glasi na kwa maharagwe. Mama alipoona ni wewe umetuma aliyapika, akasema yameiva vizuri, yaani maharagwe. Nadhani hiyo ni salamu. Nuwasiima ameota jino moja, la pili bado. Tumefungua shule wiki iliyopita.

Glasi ni nzuri. Nilizipiga kwa ukucha moja moja, zote zikasema to. Mama akatia nyekundu kwenye moja.

Siku ya kwanza Baba aliisukuma kwa kiwiko kama kawaida. Iligonga saruji, ikaruka, ikabiringika mpaka kwenye majivu. Nuwasiima akacheka, akaikimbilia, akamrudishia. Siku ya pili aliisukuma tena. Siku ya tatu hakutumia kiwiko, aliishika na kuipiga chini kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote sasa hazifiki kitu. Ikaruka. Baba aliiokota mwenyewe, akaigeuza, akatazama ile nyekundu muda mrefu. Tangu hapo haendi nyuma ya nyumba. Analala karibu na mlango. Nikimpelekea chai inapoa.

Juzi nikifagia nilikuta vidonge ndani ya kopo la kiwi ya viatu. Vingi. Nilivihesabu kwa macho nikaacha, sikutaka kujua idadi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mutu akipona hurudi kwa watu. Mimi nirudi wapi?" Nimemwambia Mama kuhusu vidonge. Amelia, amemsimamia anywe. Anaweka chini ya ulimi halafu anatema.

Nimejaza ukurasa mzima na bado sijajibu swali lako. Sasa najibu.

Siku ile ya Desemba tuliingia watatu kwa daktari. Alikuwa kijana, ametumwa kutoka Kampala, anajua Kiingereza na Kiganda tu. Mimi nikawa mdomo wa Baba na Mama. Nilitafsiri vizuri. Dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Madirisha yawe wazi. Akikohoa azibe mdomo kwa kitambaa. Nilikuwa nimeshamwomba arudie mara mbili, na mara ya pili alivuta pumzi kwa nguvu. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi nje alikaa Omara wa darasa letu pamoja na mama yake, ananitazama. Ndipo Mama akaninong'oneza: "Muulize na vyombo, tumtengee?"

Nilimgeukia daktari. Kikombe kwa Kiingereza nakijua tangu darasa la kwanza. Mdomo haukufunguka. Alikuwa ameshashika faili la mtu mwingine. Nikamgeukia Mama nikasema, "Amesema ndiyo, atengewe."

Hakusema. Sikumuuliza. Nilisema hivyo ili tutoke.

Si hivyo tu. Alikuwa ametupa karatasi ya Kiingereza, na mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuisoma nyumbani. Niliisoma jioni ile ile. Sentensi ya saba inasema ugonjwa hauenezwi kwa vikombe wala sahani. Mama alikuwa anasubiri rangi ikauke chini ya glasi. Nikasema kesho. Kesho yake alikuwa amewaeleza majirani, na wao wakamsifu kwa uangalifu. Nikasema Krismasi ipite. Halafu ukapokonywa glasi mbele ya watu, ukaondoka, na nikaona sasa kusema ni kumvua Mama nguo hadharani. Nikaikunja karatasi nikaiweka kwenye kitabu cha Biolojia, kwenye ukurasa wa moyo. Ipo.

Na madirisha, ambayo daktari aliyataja kweli na mimi nikayatafsiri kweli, ndiyo tunayoyafunga kwa sababu ya vumbi.

Sasa unajua. Nakuomba usimwambie Mama.

Musimenta

*

Bwera
11 Juni 2024

Musimenta,

Leo sina salamu.

Mimi si kaka yangu. Umeniambia mimi sababu mimi niko mbali na siwezi kukutazama. Mwambie yeye. Siku hii barua inafika, si kesho yake. Chukua ile karatasi, kaa chini, msomee. Mama yako utamwambia nyuma yake.

Sikasirikii wewe peke yako. Wewe ulisema neno moja ya uongo, mimi nikaingia ndani yake nikakaa miezi tano sababu ilikuwa na joto.

Nakuja Jumapili tarehe 23. Mjukuu nitamwacha na mama yake. Mwambie kaka yangu Akidi anakuja, na atakunywa kwa vere yake mbele ya mama yako na majirani wote. Lakini usiningoje mimi. Umesikia? Usiningoje.

Akidi

*

Kasese
Jumapili, 28 Julai 2024

Shangazi Akidi,

Natumaini ulifika salama na kwamba Mzee Tefiro hakusumbuka sana na safari ile. Nuwasiima anauliza kama mjukuu wako ataletwa hapa. Mvua imekatika. Mpunga wa Mubuku wameanza kuvuna na Mama amerudi kazini, anasema akikaa nyumbani anasikia kikohozi.

Tulipotoka makaburini kumzika Baba ulinishika bega ukaniuliza, "Ulimwambia?" Nikatazama chini. Ukaniachia bega, nikajua umedhani ni hapana. Sikuweza kukujibu pale, watu walikuwa wengi. Nakujibu sasa.

Barua yako ya tarehe 11 ilichelewa. Siraj alipeleka vitunguu Katunguru kwanza, lori likamfia huko, akanifikia Jumatano tarehe 19. Umesema siku ile ile. Siku ile ile sikuweza, na hilo nalo nakuandikia. Nilimwambia Alhamisi, nilipotoka shule, Mama akiwa hajarudi.

Nilikaa sakafuni karibu na mkeka wake nikatoa karatasi. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza ni daktari anayesema, si mimi. Kisha nikaitafsiri, sentensi kwa sentensi, yote. Alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Soma tena hiyo ya kikombe." Nikaisoma. Kisha nikamwambia jinsi ilivyokuwa kwa daktari, na Omara, na benchi, na Mama aliponinong'oneza.

Baba akasema, "Nilijua."

Alisema wiki ile ya Krismasi alikwenda peke yake kuchukua dawa, akamkuta muuguzi mzee aliyekuwa jeshini zamani, anayesema Kiswahili kama anaamrisha gwaride. Huyo alimwambia arudi nyumbani akanywe na watoto wake, kikombe hakina kosa. Baba alirudi, akatukuta tumeshamwekea chai kwenye ngazi, akaenda akakaa juu ya jerikeni.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema, mama yako atauliza uongo ilitoka kwa nani," akajibu. Alipumzika kwanza, maneno yalikuwa yanamchosha. "Na mimi nilifikiri unaniogopa. Nilifikiri ni wewe hutaki. Mutoto akiogopa, utamlazimisha?"

"Sikukuogopa, Baba."

Alifumbua macho akanitazama kama vile ulivyoniambia nitazame glasi kwenye jua. Sijui aliona nini. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifunga mdomo makaburini. Alisema, "Zile glasi nilikuwa navunjia wewe. Kila moja ikivunjika, nasema basi, leo atasema. Wewe ukaenda kutafuta yenye nguvu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeeleza kazi ilivyofanyika.

Niliinuka nikachemsha chai, sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilileta glasi mbili. Yeye nilimpa isiyo na alama, mimi nikachukua ile yenye nyekundu. Alizitazama zote mbili, akanyoosha mkono akachukua yenye nyekundu kutoka kwangu. "Hii nimeizoea," akasema. Alikunywa mara mbili, akanirudishia, nami nikanywa iliyobaki mpaka majani ya chini. Nilimwambia unakuja Jumapili na kwamba utakunywa kwenye glasi yake. Akacheka kidogo kwa pua. Akasema Akidi tangu utoto anafika sahani zikiwa zimeshaoshwa.

Ijumaa tukamrudisha hospitali. Yaliyobaki unayajua, wewe mwenyewe ulikaa naye Jumapili na Jumatatu akiwa hasemi, na Jumanne ulikuwepo. Nilikuona ukimpaka maji midomoni kwa kidole chako kitupu.

Nimekuwa nikijiuliza kama nilimwambia ukweli niliposema sikumwogopa. Nilikuwa naiweka chai kwenye ngazi, Shangazi. Sikuwa namkabidhi mkononi. Hakuna aliyenituma niiweke kwenye ngazi.

Mama nilimwambia wageni walipokwisha kuondoka. Nilitegemea kipigo, nilikuwa nimevaa sweta nzito. Aliomba nimwonyeshe mstari wenyewe. Hajui kuusoma, lakini aliweka kidole chake juu yake, kile kilichokatwa na mundu, akakipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaikunja karatasi akaitia ndani ya Biblia yake. Hakunipiga. Alifungua madirisha yote mawili, na yako wazi mpaka leo, vumbi linaingia kwenye unga na hakuna anayesema kitu.

Tangu siku hiyo anazungumza nami kupitia kwa Nuwasiima. Mwambie dada yako maji yamechemka. Mwambie dada yako afunge kuku. Na kila asubuhi anapomimina chai, ile yenye nyekundu ananiwekea mimi. Haiweki kwa bahati mbaya. Anazigeuza glasi moja moja mpaka aipate.

Ningeweza kuikwangua kwa wembe wa Baba. Lakini ulisema ikipata kidonda itapasuka yenyewe, nikaurudisha wembe.

Jana asubuhi nilitoka nayo nje. Niliketi juu ya jerikeni. Nilikunywa chai nusu, nikaiweka glasi ukingoni mwa ngazi, pale pale, kuna alama nyeupe kwenye saruji. Nikaisukuma kwa kiwiko, polepole. Ilianguka, ikaruka, chai ikamwagika, ikabiringika mpaka miguuni pa Mama kwenye jiko la mkaa.

Aliitazama. Aliiokota, akapitisha kidole kwenye mdomo wake kuona kama imekatika mahali, akaisuuza, akaijaza tena. Akaja nayo kwangu. Hakuiweka kwenye ngazi. Alinyoosha mkono mpaka nikaipokea, na vidole vyake vilikuwa bado vimelowa.

"Kunywa," akasema. "Inapoa."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu katika wiki nne. Kisha akaingia ndani.

Ni ngumu kweli, Shangazi. Ulichagua vizuri.

Mimi,
Musimenta